Umewaka, Haujaamka

Simama dakika chache mbele ya meza ya fundi wa kompyuta, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue mjini Nairobi. Mteja atafungua begi, atoe mashine yake, aseme, "Iko slo." Fundi, kabla hata hajaigusa, atajibu, "Tupige windo." Basi, kesi imekwisha. Neno moja limebeba ugonjwa wote, jingine limebeba dawa yote, na kati ya wawili hao hakuna aliyemweleza mwenzake kitu.

Sina ugomvi na neno la kuazima. Lugha iliyochukua meza kwa Mreno, shule kwa Mjerumani na kalamu kwa Mwarabu haiwezi leo kujifanya mwali wa ndani. Ugomvi wangu na "slo" ni ubahili wake. Kiswahili kina vitenzi chungu nzima vya kuchelewa, na kila kimoja, ukikisikiliza vizuri, kinaelekeza kidole mahali pake ndani ya mashine. Anayesema "slo" amevitupa vyote na kumwachia fundi kazi ya ramli.

Ubahili huu una historia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Baadaye Microsoft nayo ikaivalisha Windows sura ya Kiswahili. Kazi ilikuwa kubwa na matunda yake tunayala hadi leo: hifadhi, fungua, hariri, bandika. Lakini angalia maneno hayo ni ya nani. Ni ya mashine. Watafsiri walitafsiri kile ambacho kompyuta inamwambia mtu. Kile ambacho mtu anasema juu ya kompyuta hakikuwamo kwenye faili zao. Menyu hailalamiki. Ndiyo maana tuna msamiati mzuri wa amri na msamiati maskini wa malalamiko, na malalamiko ndiyo yanayompeleka mtu kwa fundi.

Tuanze na jina la mashine. Kompyuta tumeizoea, hata wasioipenda huiandika wakiwa na haraka. Shule za Kenya zimeshika tarakilishi, lenye harufu ya tarakimu mwanzoni na ya akili mbele kidogo, na ni neno la heshima. Ngamizi nalo lilipendekezwa, likakosa wenyewe. Sishangai: sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kukumbuka angamiza, na nani atakabidhi hesabu za duka lake kwa kitu chenye jina hilo?

Kwa ile ya kubebeka tulipata bahati zaidi. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Gunia hubebwa, ndoo hutwikwa, mtoto wa mgongoni hufungwa mbeleko, wa mapajani hupakatwa. Kitenzi hiki kina paja, kina mikono iliyozunguka, kina upendo kidogo. Kipakatalishi kimetoka hapo na kuungwa mkia wa tarakilishi. Ni tamu lakini refu, silabi sita, na mtu mwenye hasira ya kusubiri hana pumzi ya silabi sita. Wengine husema kompyuta mpakato. Mimi nakata kichwa na kubaki na mpakato, mipakato, wa ngeli moja na mti na miti. Ndivyo nitakavyouita humu.

Sasa mpakato umebonyezwa kitufe. Tunasema umewashwa. Kuwasha ni kutia moto: koroboi iliwaka, taa ya umeme ilipokuja ikarithi kitenzi cha koroboi, gari likarithi kutoka kwa taa, na mpakato ukaja kuwa mrithi wa mwisho. (Pilipili nayo inawasha, na upupu, lakini moto wa huko tuuache.) Kitenzi ni chetu na ni kizuri, ila kinaeleza hatua ya kwanza tu. Umeme umeingia, kitaa kimeng'aa, feni imeanza kuvuma. Muulize mwenyewe kama mpakato wake unawaka, atakujibu kwa kiapo kwamba unawaka. Na ni kweli. Anachokosa ni neno la kitu kinachofuata.

Kinachofuata ni kirefu. Mashine hujikagua viungo vyake, huutafuta mfumo endeshi ulipolala kwenye hifadhi, huunyanyua kipande kwa kipande na kuuleta mahali pa kufanyia kazi, kisha huita watumishi wake mmoja mmoja: wa sauti, wa mtandao, wa chapa. Hapo ndipo dakika zinapopotea. Mpakato umewaka zamani, haujaamka.

Kuamka ndiyo istilahi ninayoipendekeza, na naipendekeza bila woga, kwa sababu imebeba ukoo mzima mgongoni. Mpakato unaamka, unaamshwa, na muda wote huo ni mwamko. Najua siasa zimeshika mwamko siku nyingi. Neno lina nafasi ya wapangaji wawili. Zaidi ya hapo kuna amkia, kumsalimu mtu, na maamkizi. Ile skrini yenye jina lako na kisanduku cha nywila, inayokukaribisha kabla hujaingia, tulikuwa tunahangaika kuiita nini? Ni skrini ya maamkizi. Aliyeamka huamkia.

Na kuna chelewa. Wengi hulisema kila siku pasipo kulifunua. Ndani yake mna -cha, kupambazuka, ile ya kumekucha. Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni aliyefikiwa na mapambazuko akiwa hajafanya lililompasa. Kwa hiyo "mpakato unachelewa kuamka" si lugha ya picha iliyobandikwa juu ya chuma. Vitenzi viwili vya alfajiri vimekutana kwenye sentensi moja.

Mpinzani wa kuamka ni buti. Mafundi wanasema mashine inabuti, inabuti upya, imegoma kubuti. Asili yake ni kitanzi kile kilichoshonwa nyuma ya kiatu kirefu ili kikusaidie kukivuta. Wazungumzaji wa Kiingereza walikuwa na mzaha wa mtu anayejinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe, jambo lisilowezekana, na kwenye miaka ya 1950 watu wa kompyuta waliukuta mzaha huo unafaa: programu ndogo inaita kubwa kuliko yenyewe, na kubwa inaita kubwa zaidi. Mzaha mzuri kwao. Kwetu buti ni kiatu cha askari, na ni mahali pa kuweka mizigo nyuma ya gari. Kitanzi hakikusafiri pamoja na neno. Tumeletewa kiatu, kichekesho kimebaki kwao.

Neno la tatu ni kuanza. "Kompyuta inachelewa kuanza." Kuanza nini? Kuanza ni kitenzi kinachodai kitendo mbele yake, na kikikosa hicho kinaning'inia. Nakiacha kwa watoto wa chekechea.

Tumefika kwenye shina la mambo, yaani namna za kuchelewa. Hapa nakuomba msomaji twende taratibu, maana ndipo penye faida ya pesa taslimu.

Kukawia ni kukaa mahali kupita kiasi. Aliyetumwa dukani akakawia hakutembea polepole, alisimama pahali. Mpakato unaokawia ni ule unaoganda kwenye nembo ya kiwanda, kabla mfumo endeshi haujaonyesha hata uso. Ukisikia kukawia, acha kufikiria programu. Angalia kama kuna flashi iliyosahaulika ubavuni, angalia kama mashine imeelekezwa kuutafuta mfumo kwenye mtandao kabla ya kuutafuta nyumbani. Imesimama kwa sababu inabisha hodi mlango usio wake.

Kujikokota ni tofauti kabisa. Anayejikokota hasimami; kila hatua yake ni nzito na zote zinafanana. Mpakato unaojikokota huchelewa kwenye nembo, huchelewa kwenye maamkizi, huchelewa kuchora ikoni, na hata baada ya kuamka hufungua barua kwa uzito uleule. Huyo karibu kila mara ana diski ya zamani inayozunguka.

Kusuasua ni kwenda na kusita, kwenda na kusita. Magazeti hulitumia kwa miradi, na kwa mashine linafaa hata zaidi. Unabonyeza, inaitika; unabonyeza tena, kimya; ghafla inafanya mambo matatu kwa mpigo. Huo ni upungufu wa mahali pa kufanyia kazi: nafasi imejaa, mashine inahamisha vitu kwenda hifadhini na kuvirudisha, na kila uhamisho ni kusita kumoja.

Kuzubaa ni kutazama bila kuona. Mpakato uliozubaa umefika mwisho wa mwamko, picha ya ukutani iko pale, mshale upo, lakini hauitiki mpaka upite muda wa kunywa kikombe cha chai. Ndani yake programu kumi zinagombea kuamka pamoja.

Kuganda tunalijua wote, simu zimetufundisha. Maziwa huganda, damu huganda, ruba humganda mtu. Katika yote hayo hakuna mwendo uliobaki, na hapo ndipo kuganda kunapotengana na kuchelewa. Mpakato unaoganda tena na tena wakati wa kuamka, huku diski ikigonga ndani kama kucha juu ya meza, haupaswi kuitwa mchelewaji. Unakufa.

Vitano hivyo vinatosha kuonyesha ninachotaka. Mteja anayesema "unakawia kwenye nembo, kisha unakwenda vizuri" amemaliza nusu ya kazi ya fundi. Aliyesema "slo" amelipa nauli tu.

Katikati ya kitenzi na lawama kuna kivumishi ambacho mitaa imekipatia pasipo msaada wa baraza lolote: nzito. Simu nzito, mpakato mzito, mtandao mzito. Wapo wanaodhani ni kosa, kwamba uzito ni kilo na mwendo ni kasi. Lakini Kiswahili kimekuwa kikisema mzito wa kuelewa na mwepesi wa kusahau tangu kabla ya umeme. Uzito kwetu ni ule unaokipata kitu pale kinapotakiwa kusogea, uwe wa mwili au wa akili. Wasanifishaji wa istilahi wakiandika "yenye kasi ndogo" wataandika Kiswahili sahihi kisicho na damu. Mpakato mzito wa kuamka ni usemi uliokamilika. Sioni cha kuongeza.

Hapa naingia kwenye neno linaloleta hasara madukani: memori. Mwulize mtu memori ya mpakato wake, atakutajia ukubwa wa diski. Mwingine atataja kile kikadi cha simu. Mwingine atataja ramu. Watu wamelipa pesa kuongezewa kimoja ilhali walihitaji kingine, kwa sababu vitu viwili tofauti vimefungwa katika neno moja.

Kiswahili kilijaribu kuvitenganisha: kumbukumbu upande huu, hifadhi upande ule. Hifadhi ni chaguo la mtu mwenye masikio. Ni mbuga ya Serengeti inayolindwa, na pia ni kijana wa chuo cha Kurani anayehifadhi juzuu. Kulinda kitu na kukiweka moyoni, mzizi mmoja wa Kiarabu umebeba maana zote mbili. Kitu kinachobaki umeme ukikatika kinastahili jina hilo.

Kumbukumbu ndilo linalonisumbua. Kile tunachokiita hivyo, ramu, husahau kila kitu mara umeme unapoondoka. Hakibaki hata na herufi. Kukiita kumbukumbu, neno la majalada ya ofisi, la vikao vya bodi, la kitabu cha tano cha Torati, ni kumpa msahaulifu cheo cha mtunza nyaraka. Wengine wanasema kumbukizi, nalo limeshatekwa na sherehe za kuwakumbuka waliotangulia.

Napendekeza kumbuko, ngeli ya li-ya. Ondoa uradidi, kwa sababu uradidi ndio unaoleta hisia ya kudumu na kurudiwa. Kumbukumbu ni nyingi na za muda mrefu, kumbuko ni moja na la sasa hivi. Kumbuko la mpakato limejaa, ongeza kumbuko. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka kumbuko la gigabaiti 4 kwa uchache, na mwenye kipimo hicho hicho atausikia mpakato wake ukisuasua kila asubuhi. Likijaa, mashine hukata kipande cha hifadhi na kukitumia kama kumbuko. Hilo tuliite kumbuko la kuazima, na kama ilivyo kwa kila cha kuazima, halifanyi kazi kwa furaha.

Diski ngumu ni tafsiri ya neno kwa neno iliyokosa huruma. Ngumu kwetu ni ya mtihani, ya maisha, ya mkate wa juzi. Ugumu wa sahani ile ulikuwa habari siku zile kulikuwa na diski laini; leo hakuna mtoto aliyewahi kuiona hiyo laini, kwa hiyo ngumu inalinganishwa na kitu gani? Jambo la maana juu ya diski hiyo ni kwamba inazunguka. Ndani ya mpakato wa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea hukimbia huku na huko kukifuata kila kipande. Ni diski zunguko. Mtu akilisikia jina hilo ameshaelewa kwa nini mpakato unajikokota: kila kitu kinasubiri zamu ya sahani kuzunguka na mkono kufika.

Mrithi wake hana sahani, hana mkono, hana kinachosogea. Madukani anaitwa kwa herufi tatu za Kiingereza, na asiyependa herufi husema "diski mpya". Kuiita diski ni uongo mdogo, maana hakuna kilicho mviringo ndani yake. Vitabu vya fizikia vinatupa maneno mawili ya kitu kisicho kimiminika wala gesi: mango na yabisi. Hifadhi mango lingekuwa la kisomi na lisilo na dosari. Hifadhi yabisi nalikataa kata kata, kwa kuwa kila nyumba yenye mzee inajua baridi yabisi. Unamwuzia mtu dawa ya viungo vilivyokakamaa, halafu unaipa dawa jina la ugonjwa! Mwenye baridi yabisi ni yule mzee anayezunguka.

Mimi nachagua hifadhi tuli. Tuli ni ya kaa tuli, ya kimya tuli, ndugu wa tulia na utulivu. Inataja sifa yenyewe, kwamba hakuna kinachotembea, na papo hapo inampa mnunuzi picha. Kubadili diski zunguko kuwa hifadhi tuli ndiyo tiba kubwa kuliko zote kwa mpakato unaojikokota; inafaa basi jina lake liweze kutamkwa na mtu yeyote kwenye kaunta.

Upande wa ubongo wa mashine sitakaa sana. Bongo kuu limeshika shuleni Kenya, na Mtanzania hulisikia kwa tabasamu kwa sababu Bongo ni kwao. Kichakato nacho kizuri, kutoka chakata, ila binamu yake, mchakato, ameharibiwa na viongozi: "mchakato unaendelea" ni namna rasmi ya kusema hakuna lililofanyika. Ubongo ukichemka hujipunguzia mwendo usije ukaungua, na feni ikiwa imejaa vumbi utachemka upesi. Bibi zetu wa pwani feni ya mkono waliiita kipepeo, kutokana na pepea. Siliombei kazi mpya. Nimelitaja kwa kulipenda.

Turudi kwa aliyezubaa. Programu zinazojiita zenyewe mara mpakato unapoamka zina jina refu ofisini, "programu za kuanza", na jina refu halimshiki mkosaji. Ukweli ni kwamba ziko za aina mbili, na lugha ya mashine imezichanganya. Kuna zenye haki ya kuwahi: mlinzi wa virusi, dereva wa sauti, kibodi. Hizo ni programu tangulizi, kutoka tangulia, kama mtangulizi katika cheo. Na kuna zile ambazo hukuziita. Uliweka programu ya muziki mara moja, ukapiga wimbo mmoja, na tangu hapo kila asubuhi inaamka kabla yako. Kwa hizo Kiswahili cha stendi kina kitenzi kilichokuwa kikizisubiri: kudandia. Mdandiaji hurukia daladala ikiwa imeshaanza kuondoka, ananing'inia mlangoni, halipi, na uzito wake gari linaubeba. Ni programu dandizi.

Tangulizi na dandizi: yanafanana mwisho, yanapingana tabia, na yanakaa vizuri mdomoni. Tangu Windows 8 orodha ya programu hizi imo ndani ya Meneja wa Kazi, kila moja na athari yake imeandikwa, kubwa, ya kati au ndogo. Mwenye maneno haya mawili anaweza kuisoma orodha hiyo peke yake na kuuliza, wewe ni mtangulizi au mdandiaji? Kondakta hahitaji fundi kumshusha mtu mlangoni.

Virusi tuvitaje kwa kupita, kwa kuwa vinasingiziwa uzito ambao mara nyingi si wao. Mwenye kutafuta umoja wa virusi akapata kirusi hujikuta ameingia kwenye lugha ya Moscow. Nimeshazoea.

Sasa zima. Ninaposema zima nakusudia kuua moto, kinyume cha washa, na kwa miaka mingi kitenzi hiki hakikuwa na siri. Kisha mwaka 2012 Windows 8 ikaja na hila ya kuharakisha asubuhi. Unachagua kuzima, madirisha yanafungwa, skrini inakuwa nyeusi, lakini kiini cha mfumo endeshi hakivunjwi. Kinaandikwa kama kilivyo kwenye hifadhi, na ukibonyeza kitufe kesho yake kinasomwa na kurudishwa vilevile. Mpakato haukuzimika. Basi ulifanya nini?

Ulizimia. Sijawahi kuona istilahi iliyokuwa tayari hivi. Aliyezimia anafanana na maiti kwa mtazamaji, ila ndani yuko na mambo yake, na akirudi harudi kwa kuamka, anazinduka. Zima huenda na amka, zimia huenda na zinduka. Jozi mbili kamili, zilizokuwa zikitumika kwenye ngoma na misiba muda wote huo huku sisi tukitafuta tafsiri. Mpakato uliozinduka huwa umefika upesi, ila umekuja na kila kilichokuwa kikiusumbua jana, kwa kuwa kiini ni kilekile. Waliofunga kifuniko tu wao wamelaza mpakato: kumbuko bado linakula umeme kidogo, na ukifungua unafumbua macho.

Tofauti hii ina gharama. Ushauri wa kwanza wa kila fundi kwa simu ni "izime, halafu iwashe". Simu zenye Kiswahili zimeufanya kuwa kitufe: zima kisha uwashe. Kwa simu sina neno. Kwa mpakato wa Windows wenye hila ile, anayezima kisha akawasha ameuzimisha na kuuzindua tu, hajatibu chochote, wakati yule aliyechagua kitufe cha "anzisha upya" ameuvunja mfumo wote na kuujenga upya. Maneno "zima kisha uwashe" yanapotosha, na "anzisha upya" hayapotoshi lakini yana lile tatizo la kuanza nililolitaja. Amsha upya. Mwambie mteja aamshe upya, halafu asubiri.

Sasisha ni neno ninaloweza kulisifu mchana kutwa. Sasa, kielezi cha wakati, kimepewa mkia wa rahisisha na sahihisha na kuwa kitenzi: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Serikalini wanapendelea huisha, wahuishe taarifa zao, lenye uhai ndani yake, na kwa daftari la wapiga kura linafaa. Kwa mpakato nabaki na sasisha. Mpakato uliochelewa leo tu, huku jana uliamka vizuri, yawezekana unajisasisha, uachwe. Ile duara ya vitone inayozunguka wakati huo haina jina katika lugha yetu, na mtoto yeyote angetupatia: ni pia. Pia inazunguka, usiguse.

Imebaki kazi ya fundi. Tunasema anatengeneza, na tengeneza lina sura mbili, la kuunda kipya na la kuponya kibovu. Ndani yake mna tengenea, kuwa katika mpangilio. Mpakato mzito wa kuamka aghalabu haujavunjika popote, umepoteza mpangilio. Kwa hiyo kutengeneza, kwa maana yake ya ndani, ni sawa kabisa, na mafundi wenye kuielewa maana hiyo hushusha wadandiaji kwanza, hupuliza vumbi, huongeza kumbuko, hubadili diski zunguko, kwa mpangilio huo, ya bure kabla ya ya kulipia.

Wengine hupiga windo. Piga ni kitenzi mkarimu, kinapiga pasi, simu, deki na msasa, na kupokea Windows hakikuona shida. Lakini windo kwa Kiswahili ni mnyama aliyeuawa na mwindaji, mmoja wa mawindo, na bahati mbaya imekuwa ya kweli: anayepiga windo bila kuuliza hufuta mfumo pamoja na picha za harusi, vyeti, na hesabu za miaka. Kusimika upya ndilo jina la kazi hiyo ikifanywa kwa adabu. Kusimika ni kwa nguzo na kwa mtawala. Hakuna anayesimika kitu bila kuangalia kwanza pale kinapokwenda kusimama.

Na kabla ya kusimika, kuna neno la mwisho. Nakala ya akiba ya kazi zako wengine huiita nakala rudufu, wengine chelezo. Rudufu ni neno la mashine ya kuchapia mitihani. Linaeleza namna nakala ilivyopatikana, kwamba ni ya pili ya ile ya kwanza. Chelezo limetoka kwa elea. Ni boya, kitu kinachoelea, na Mwanza wanalijua kama mahali meli inapopandishwa kutengenezwa. Mradi wa meli mpya ya Ziwa Viktoria ulikwenda sambamba na ujenzi wa chelezo. Jina hilo linaeleza nakala ni ya nini: ni kile kitakachobaki juu ya maji. Nalichagua bila kusita, na wingi wake ni vyelezo, ambao mwenye diski zunguko iliyoanza kugonga atauhitaji leo kabla ya kesho.